Mzigo, Mvua na Metali: Historia ya Kivumishi "-zito" na Mwenzake wa Kiingereza Katika Bonde la Gikondo, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kivumishi cha Kiswahili "-zito" mkabala na kivumishi cha Kiingereza "heavy", ambacho nyaraka za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukitumia kwa mambo mengi yasiyofanana. Bonde la Gikondo mjini Kigali limechaguliwa kwa sababu ni mahali ambapo mambo matatu yanayoitwa kwa kivumishi hicho cha Kiingereza yamekutana: malori ya masafa marefu, mvua zinazofurika kinamasi, na mabaki ya metali kutoka viwandani. Hoja kuu ni kwamba "-zito" ya Kiswahili, kwa asili yake, humtazama anayelemewa, ilhali matumizi ya kisheria na ya kisayansi yanatarajia kipimo cha kitu chenyewe. Makala yanaonyesha kuwa maana ya zamani haijapitwa na wakati, kwani hata sheria ya mizani ya barabarani hatimaye inauliza ni nani au ni nini kinachobeba mzigo. Mwishoni yanatolewa mapendekezo manne kwa watafsiri na washauri wa sera.

1. Utangulizi

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mwaka uliofuata serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni, na mwaka 2017 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwa muda wa miaka 10, basi, nchi moja ilibadilisha mpangilio wa lugha zake mara mbili. Katika ngazi ya Jumuiya, Ibara ya 137 ya Mkataba uliotiwa saini mwaka 1999 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na kuagiza Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana ya watu wa eneo hili. Matokeo yake ni kwamba sheria nyingi zinazomgusa mwananchi wa kawaida huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafutiwa Kiswahili.

Katika kazi hiyo ya kutafuta, maneno ya kitaalamu sana si ndiyo yanayosumbua zaidi. Istilahi ngumu humfanya mtafsiri asimame, afungue kamusi na aulize wenzake. Maneno yanayoonekana mepesi hupita bila kuulizwa. Kivumishi "heavy" ni mojawapo. Kila mwanafunzi wa darasa la mwanzo anajua kuwa ni "-zito", na kwa sababu hiyo hupita mlangoni bila kukaguliwa: "heavy vehicle" huwa gari zito, "heavy metal" huwa metali nzito, na sasa tunasoma pia "mvua nzito", "faini nzito" na "msongamano mzito". Baadhi ya tafsiri hizi ni sahihi, baadhi zinavumilika, na baadhi zinapotosha. Makala haya yanauliza tofauti hiyo ilitokana na nini kihistoria, na ina gharama gani kwa sera.

Gikondo ni sekta ya Wilaya ya Kicukiro, kusini mwa kitovu cha jiji la Kigali. Chini ya vilima vyake kuna bonde la kinamasi ambalo kwa miongo mingi lilikuwa eneo la viwanda na maghala ya mji. Hapo ndipo malori yaliyotoka Dar es Salaam na Mombasa yalipofika kushusha mizigo katika maghala ya forodha ya kampuni ya MAGERWA. Hapo pia ndipo mvua ilipofurika, na hapo ndipo maji machafu ya viwanda yalipotiririkia. Kwa mtafiti wa historia ya maneno, bonde hili lina manufaa moja: linatulazimisha kutazama kivumishi kimoja kikifanya kazi tatu mahali pamoja.

2. Uzito wa begani: kivumishi kabla ya mizani ya barabarani

Wanaisimu wa lugha za Kibantu wamejenga upya shina la kale *-dìtò lenye maana ya uzito. Kutokana nalo tunapata "-zito" ya Kiswahili, "-zito" na "obuzito" za Kiganda, na "ũritũ" ya Kikikuyu. Kinyarwanda kilifuata njia nyingine. Hukieleza kitu kizito kwa kitenzi "kuremera", na nomino yake ni "uburemere". Kitenzi hicho kinakaribiana mno, kwa sauti na kwa maana, na kitenzi cha Kiswahili "kulemea", kwa kuwa /l/ ya Kiswahili mara nyingi hulingana na /r/ ya Kinyarwanda. Hivyo Mswahili anayefika Kigali hukuta dhana anayoijua, ila imehama kutoka kwenye kivumishi na kuingia kwenye kitenzi.

Tofauti hii ya kisarufi ina uzito wake kwa hoja yetu. Kivumishi kinaweza kusimama peke yake: mzigo ni mzito, basi. Kitenzi "kulemea" hakikubali upweke huo, kwani mzigo humlemea mtu fulani, au humlemea punda, au huulemea mtumbwi. Kiswahili kina vyote viwili, kivumishi na kitenzi, na historia yake inaonyesha kwamba kivumishi nacho kilitumika kwa muda mrefu kwa mwelekeo wa kitenzi, yaani kwa kumtazama anayebeba.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko katika lugha ya misafara ya karne ya 19. Wapagazi waliotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, walibeba mizigo ambayo kwa kawaida ilikuwa kati ya ratili 60 na 70, takriban kilo 27 hadi 32. Kipimo cha wafanyabiashara wa pwani kilikuwa frasila, yenye ratili 35 hivi, kwa hiyo mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili. Tukumbuke kuwa maneno yote ya kipimo katika biashara hiyo, yaani mizani, ratili, wakia na frasila, yaliingia Kiswahili kupitia Kiarabu. Neno la asili ya Kibantu lililobaki katikati ya msamiati huo wa kigeni lilikuwa "-zito". Mfanyabiashara alisema frasila kwa sababu alikuwa ananunua na kuuza pembe za ndovu. Mpagazi alisema "mzito" kwa sababu ni yeye aliyekuwa anatembea nao.

Methali mbili zinazojulikana kote pwani na bara zimehifadhi mtazamo huo. Ya kwanza husema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Inasifu nguvu za watu hao, na wakati huohuo inaonyesha jinsi jamii ilivyozoea kuwatwika wengine yale isiyotaka kuyabeba. Ya pili husema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Hapa tunaelezwa jambo la kifalsafa kwa lugha ya kikapu na pamba: mzigo uleule ni mwepesi machoni pa mtazamaji na mzito begani mwa mbebaji. Methali haikatai kuwapo kwa mizani, ila inasema kwamba namba ya mizani haimalizi habari.

Mwelekeo huo ndio unaoeleza upana wa "-zito" katika Kiswahili cha kawaida. Mwanamke aliye na mimba ni mjamzito. Uji usiotiririka ni mzito. Mtu asiyesikia vizuri ni mzito wa masikio, na asiyesema kwa wepesi ana ulimi mzito. Asiyetaka kwenda ana moyo mzito, na aliyelala fofofo ana usingizi mzito. Katika mitaa ya Nairobi, "mzito" ni mtu mwenye cheo au fedha. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson, ikitokana na kazi ya A. C. Madan, tayari ilionyesha kwamba neno hili linavuka mipaka ya kilo na kufika kwenye ugumu, ukali na uzembe wa mwendo. Katika yote hayo kinachojirudia ni kitu kinachopunguza wepesi wa kwenda, wa kumiminika, wa kusikia au wa kuamua.

3. Milango miwili ya kuingilia Kigali

Kigali ilianzishwa kama kituo cha utawala mwaka 1907 na Richard Kandt, katika enzi ya Wajerumani. Kiswahili kiliingia nayo kupitia askari, makarani na wafanyabiashara, na kikapata makao katika mitaa ya Waislamu iliyokuja kujulikana kama Biryogo na Nyamirambo. Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916, Kifaransa kilipanda hadhi katika ofisi, lakini Kiswahili kilibaki sokoni, gereji na barabarani.

Kinyarwanda kiliweka kumbukumbu ya historia hiyo katika maneno ya upimaji. Mizani huitwa "umunzani", neno lililopita katika Kiswahili. Kilo ni "ibiro". Lori ni "ikamyo", kutoka Kifaransa. Lakini kata anayoiweka mama kichwani ili abebe mtungi au kikapu huitwa "ingata", na Mswahili anayesema "ngata" halihitaji kufasiriwa. Kwa maneno mengine, chombo cha kupimia na gari la kubebea vina majina yaliyokopwa, ilhali kifaa kinachokaa kati ya mzigo na mwili kina jina ambalo lugha hizi mbili tayari zilikuwa zinalishiriki.

Dhana ya kisasa ya gari zito iliingia Kigali kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni Kifaransa, ambacho huliita lori kubwa "poids lourd" na metali za aina hiyo "métaux lourds". Mlango wa pili ni Kiingereza cha Jumuiya. Hata hivyo lugha hizi mbili hazikubaliani katika kila jambo. Kifaransa husema mvua zenye nguvu, "fortes pluies", na hakitumii kivumishi cha uzito. Kinyarwanda husema "imvura nyinshi", yaani mvua nyingi. Kiswahili husema mvua kubwa. Ni Kiingereza peke yake, miongoni mwa lugha nne rasmi za Rwanda, kinachoipa mvua uzito. Mtafsiri anayeandika "mvua nzito" mjini Kigali anachukua mazoea ya lugha moja na kuziacha tatu.

4. Magari mazito: barabara kama mpagazi

Bidhaa za Rwanda huingia kwa njia kuu mbili. Ushoroba wa Kati hutoka bandari ya Dar es Salaam na kuvuka mpaka Rusumo, na Ushoroba wa Kaskazini hutoka Mombasa na kupita Uganda. Kwa njia yoyote kati ya hizo, mwendo ni karibu kilomita 1,500 au zaidi. Daraja la zamani la Rusumo lilipitisha gari moja kwa wakati mmoja. Daraja jipya, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, lilizinduliwa mwaka 2016 na marais wa Tanzania na Rwanda. Njiani, dereva hukuta vituo vya mizani, ikiwamo ile ya Vigwaza mkoani Pwani. Ni katika vituo hivi ambapo neno "uzito" lilipata maana yake mpya ya kisheria.

Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, iliyopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2013, iliweka kikomo cha uzito wa jumla wa gari na mzigo wake kuwa tani 56. Pia iliweka vikomo vya kila ekseli. Ekseli moja yenye matairi manne, kwa mfano, isizidi tani 10. Mambo haya mawili ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayozua ugomvi mwingi kati ya madereva na wapimaji. Lori linaweza kuwa na jumla ya tani 50, chini kabisa ya kikomo, huku shehena iliyosogea nyuma ikiifanya ekseli moja ibebe tani 11. Dereva anaposoma kwa Kiswahili kwamba gari lake "limezidi uzito", anapinga kwa haki, kwa sababu karatasi yake ya kupakia inaonyesha tani 50. Mpimaji naye yuko sahihi. Neno moja limewekewa kazi mbili.

Ili kuelewa kwa nini sheria ilijali ekseli, inafaa kurejea jaribio la barabara lililofanyika Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960, likisimamiwa na chama cha maofisa wa barabara kuu cha nchi hiyo. Malori yaliendeshwa mfululizo juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa kwa unene mbalimbali, na matokeo yake yakazaa kanuni ya kikadirio ambayo wahandisi bado wanaitumia: uharibifu unaosababishwa na ekseli hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ikibebeshwa mara mbili, madhara huwa karibu mara 16. Ekseli ya tani 11 badala ya 10 huongeza uzito kwa asilimia 10, lakini huongeza madhara kwa asilimia 46 hivi. Ongezeko ambalo mwenye mzigo analiona dogo, barabara hailioni dogo.

Hapa historia inatuletea jambo ambalo huenda halikutarajiwa. Tungedhani kwamba mizani ya barabarani imeindoa "-zito" kutoka kwenye bega la mpagazi na kuifanya sifa ya kitu chenyewe, yenye namba na isiyomtazama mtu. Kwa uzito wa jumla ndivyo ilivyo. Lakini kwa uzito wa ekseli, sheria imerudi kwenye swali la msafara: ni nani anayebeba, na anabeba kwa sehemu gani ya mwili? Barabara imechukua nafasi ya mpagazi. Mnyampara aliyegawa mizigo asubuhi ili asiwepo mtu mmoja wa kulemewa alikuwa anafanya, kwa ratili, kazi ambayo mpakiaji wa Dar es Salaam anatakiwa kuifanya kwa tani. Kwa sababu hiyo Kiswahili hakipungukiwi na njia ya kueleza sheria hii. "Uzito wa jumla" unafaa kwa kikomo cha tani 56. Kwa ekseli, kitenzi tulichokirithi kinatosha: ekseli imelemewa. Dereva akiambiwa, "Jumla iko sawa, lakini ekseli ya tatu imelemewa," ataelewa kosa, na ataelewa pia dawa yake, ambayo ni kupanga upya shehena.

Malori mengi hayafiki tena Gikondo. Tangu mwaka 2019, kituo cha mizigo cha Masaka, nje kidogo ya kitovu cha jiji, kimepokea sehemu kubwa ya kazi hiyo, na viwanda vimehamishiwa katika Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, Wilaya ya Gasabo. Hata hivyo, nusu karne ya malori iliacha msamiati wake katika vijiwe vya madereva na wachukuzi. Sera ya lugha ingefanya vyema kuusikiliza kabla haujapotea.

5. Mvua kubwa: wingi, nguvu na onyo

Sababu mojawapo ya kuhamisha viwanda ilikuwa maji. Bonde la Gikondo ni sehemu ya mfumo wa vinamasi unaoelekea Nyabugogo, na viwanda vilivyojengwa ndani yake vilipunguza nafasi ya maji kutanda. Mvua ziliponyesha kwa wingi juu ya vilima vilivyojaa mabati na lami, bonde lilifurika.

Onyo la mvua ni maandishi ambayo thamani yake hupimwa kwa muda mfupi sana. Msomaji ana saa chache za kuamua kama ahame au abaki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia istilahi "mvua kubwa", ikiifungamanisha na kiwango cha zaidi ya milimita 50 katika saa 24. Istilahi hiyo ni ya Kiswahili kwelikweli, na ina namba nyuma yake. "Mvua nzito" haina sifa yoyote kati ya hizo mbili. Msikilizaji wa Kiswahili akiisikia anaweza kufikiria matone manene, au wingu zito lililotanda bila kunyesha, kwa sababu wingu na ukungu huwa vizito kwa Kiswahili bila tatizo. Mvua kubwa hainyeshi kwa uzito. Hunyesha kwa wingi na kwa nguvu.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Haingekuwa haki kuunganisha msiba huo na kosa la kivumishi. Inatosha kusema kwamba katika eneo ambalo mvua zinaweza kuua kwa idadi hiyo kwa usiku mmoja, na ambalo watu huvuka mipaka kila siku, neno la tahadhari linapaswa kuwa moja kutoka Zanzibar hadi Bukavu. Neno hilo tayari lipo.

6. Metali nzito: neno lenye shaka hata kwa wenyewe

Watafiti wa mazingira wamekichunguza kwa miaka mingi kinamasi cha Nyabugogo, ambako maji ya Gikondo huishia, wakipima metali kama risasi, kadimi, kromi, shaba na zinki katika maji, tope na mizizi ya mafunjo. Istilahi inayotumika ni "metali nzito", na imeshika mizizi katika Kiswahili cha shule kiasi kwamba kuibadilisha kungekuwa kazi bure. Lakini mshauri wa sera anapaswa kujua kwamba istilahi hiyo ina matatizo tangu ilikotoka. Mwaka 2002 mkemia John Duffus alichapisha ripoti, chini ya umoja wa kimataifa wa wanakemia, iliyohoji kama istilahi hiyo ina maana yoyote. Alionyesha kwamba waandishi tofauti walikuwa wameweka mipaka tofauti: kwa wengine metali ni nzito ikizidi gramu 3.5 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa wengine mpaka ulifika 7. Tena msongamano wa metali hausemi lolote la hakika kuhusu sumu yake. Bismathi ni nzito sana, lakini sumu yake ni ndogo ikilinganishwa na ya risasi. Aseniki, ambayo si metali kamili, huingizwa kwenye orodha kwa sababu tu inadhuru.

Kwa hakika, Kiingereza cha sayansi kimefanya kile ambacho Kiswahili hukifanya waziwazi: kimetumia neno la uzito kwa maana ya kulemea. Metali hizi zinaitwa nzito kwa sababu ya kile zinachofanya katika mwili usioweza kuzitoa. Tatizo ni kwamba katika sheria ya mazingira, kikomo hakiwekwi kwa "metali nzito" kwa jumla. Huwekwa kwa risasi peke yake, kwa kadimi peke yake, kwa kromi peke yake, kila moja kwa kiwango chake. Tafsiri inayoishia kwenye istilahi ya jumla humnyima mwananchi uwezo wa kuuliza swali la maana, yaani ni metali ipi, na ni kiasi gani.

Swali hilo si la Kigali pekee. Maji ya Gikondo hufuata Nyabugogo hadi Nyabarongo, kisha Akagera, na Akagera hupita Rusumo kabla ya kuelekea Ziwa Viktoria. Mahali palepale lori linapoingia nchini na mzigo wake uliopimwa kwa tani, mto unatoka nchini na mzigo wake unaopimwa kwa mikrogramu. Mvuvi wa upande wa Tanzania ana haki ya kusoma ripoti kuhusu mto huo kwa lugha anayoijua. Kinamasi cha Gikondo sasa ni miongoni mwa vinamasi vitano vya Kigali vilivyowekwa katika mpango wa kukarabatiwa, na hiyo ni nafasi nzuri ya kuandika taarifa za maji kwa Kiswahili kinachotaja kila metali kwa jina lake.

7. Uzito wa kosa

Lipo eneo moja ambalo lugha zote nne zinakubaliana, na ambalo Gikondo haiwezi kuandikiwa historia bila kulitaja. Tarehe 9 Aprili 1994, katika kanisa la Wapalotini la Gikondo, Watutsi waliokuwa wamekimbilia humo waliuawa. Mwezi Novemba mwaka huohuo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofanya kazi zake Arusha kwa Kiingereza na Kifaransa, ikisikiliza mashahidi wengi kwa Kinyarwanda. Ibara ya 23 ya hati yake iliwataka majaji wazingatie uzito wa kosa wanapotoa adhabu.

Kiingereza na Kifaransa hutumia hapo neno la asili ya Kilatini lililomaanisha uzito. Kinyarwanda husema uburemere wa kosa, na Kiswahili husema uzito wa kosa. Mtafsiri hana la kuhofia, kwa sababu maana ya kulemea ndiyo inayokusudiwa: kosa limewalemea watu, na mahakama inatakiwa kuwatazama waliolemewa. Lakini adhabu, kwa Kiswahili, ni kali. Kosa zito huleta adhabu kali, na faini inayotozwa huwa kubwa. Kuyaita yote matatu mazito kwa kuwa Kiingereza kina kivumishi kimoja ni kupoteza mpangilio ambao lugha yetu imeshaufanya: uzito ni wa tendo, ukali ni wa jibu la sheria, na ukubwa ni wa fedha.

8. Hitimisho na mapendekezo

Safari ya "-zito" kutoka njia ya misafara hadi kinamasi cha Gikondo inaonyesha kwamba kivumishi hiki hakikuwahi kuwa jina la kilo tu. Kilimtaja anayebeba. Mizani ya kisasa imeongeza namba, na namba hizo ni za lazima, lakini sheria ya ekseli, kemia ya kinamasi na hukumu ya jinai zimerudi, kila moja kwa njia yake, kwenye swali la anayelemewa. Kutokana na uchunguzi huu, makala yanapendekeza yafuatayo.

Kwanza, tafsiri za sheria za usafirishaji zitenganishe uzito wa jumla na kulemewa kwa ekseli, na fomu za vituo vya mizani ziandike mambo hayo katika mistari miwili tofauti, kila mmoja ukiwa na namba yake.

Pili, taasisi za hali ya hewa za nchi wanachama zikubaliane kutumia "mvua kubwa" pamoja na kiwango chake kwa milimita, na ziepuke "mvua nzito" katika maonyo kwa umma.

Tatu, ripoti za mazingira zinazotumia "metali nzito" zitaje kila metali kwa jina na kwa kiwango kilichopatikana, ili istilahi ya jumla isigeuke kuwa kifuniko.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na wataalamu wa Kinyarwanda kuandaa orodha fupi ya vivumishi vya kawaida vya Kiingereza vinavyojirudia katika nyaraka za Jumuiya, ikionyesha kwa kila kimoja ni wapi Kiswahili kinatumia neno lilelile na ni wapi kinatumia jingine. Orodha za istilahi za kitaalamu zipo nyingi. Ya maneno tunayodhani tunayajua ndiyo inayokosekana, na kazi hiyo ingefaa kuanzia Kigali, ambako lugha nne rasmi zinaweza kulinganishwa mezani kwa siku moja, na ambako madereva waliozoea barabara za Dar es Salaam na Mombasa bado wanaweza kuulizwa wao wanaitaje ekseli iliyobeba kupita kiasi.